Injinia wa Chaki: Tuwaulize Nini Watoto Wetu Wanaosoma Programu za Kompyuta?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, jambo lile lile linarudi katika nyumba zetu za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira. Kijana aliyepata diploma ya Serikali anawaambia wazazi wake: nataka kuwa injinia. Basi mbuzi wanauzwa, zamu ya likelemba inaombwa mapema, shangazi aliye Kampala anapigiwa simu, na minervali inalipwa. Wiki chache baadaye kijana anarudi kuomba tena pesa kidogo, za silabusi. Juu ya jalada la silabusi hiyo kumeandikwa jina la somo: utangulizi wa programu za kompyuta.

Ni somo la mwaka wa kwanza. Wanalisoma hata wale watakaojenga madaraja, watakaovuta nyaya za umeme na watakaofanya kazi migodini. Na katika kumbi nyingi linasomwa hivi: mwalimu anaandika programu ubaoni kwa chaki, wanafunzi wanainakili kwenye daftari, na mwishoni wanaiandika tena kwenye karatasi ya mtihani. Aliyekumbuka kila nukta na kila mabano anapata pointi zake. Kati ya chaki na karatasi, programu ile haikuingia hata siku moja ndani ya kompyuta.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu si la vyuo peke yao. Ni pesa ya wazazi wanaokaa nasi kanisani, ni wakati wa vijana wetu, na kesho ni usalama wa watu watakaolala chini ya kazi ya mikono yao. Neno letu ni moja: somo hili la kwanza si somo la kukumbuka, ni somo la kukosolewa. Mtu anajifunza kuandika programu wakati mashini inapokataa alichoandika, naye anatafuta kosa lake mpaka analiona. Mwanafunzi ambaye hakupata nafasi ya kukosolewa namna hiyo hajasoma somo hili, hata kama ana pointi 16 juu ya 20.

Sababu si uvivu

Kabla ya kulaumu, tuangalie hali ilivyo. Vyuo vyetu vingi vya mashariki vimeishi kwa muda mrefu kwa msaada wa walimu wageni. Profesa anakuja kwa wiki mbili, anafundisha asubuhi na mchana, anatoa mtihani, kisha anaendelea na safari kwenda chuo kingine. Somo lililohitaji miezi ya mazoezi linamezwa kwa siku kumi. Asistanti anayebaki ndiye anayebeba mzigo, naye mshahara wake unachelewa.

Tangu Januari 2025, vita ilipofika ndani ya Goma, na Februari ndani ya Bukavu, hata njia hiyo imekuwa nyembamba zaidi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa safari za kawaida. Mabenki yalifunga milango, na familia nyingi zikaanza kulipia kila kitu kwa pesa za telefone, zikikatwa kidogo kila mara zinapotoa. Kuna wanafunzi waliohama bila kompyuta zao, na wengine bila hata vyeti vyao. Katika hali hii, mwalimu anayesimama ubaoni na kipande cha chaki anastahili shukrani kwanza.

Tena kuna shida ya umeme. Goma inapata sehemu ya umeme wake kutoka mtambo wa maji wa Matebe, katika Rutshuru, uliofunguliwa 2015. Bukavu inategemea mitambo ya mto Ruzizi. Mito ipo, lakini kila mmoja wetu anajua maana ya delestaji. Kompyuta za chumba cha mazoezi zinawaka wakati wanafunzi wamekwisha kwenda, na zinazima wanapofika.

Mfumo wa LMD, ambao inchi yetu ilianza kuueneza katika vyuo vikuu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu pia masaa ya kazi ya mwanafunzi mwenyewe, nje ya ukumbi. Ni wazo zuri. Lakini saa moja ya kazi binafsi katika somo hili inahitaji kifaa na umeme. Bila hivyo, saa hiyo inabaki kuwa wino kwenye karatasi ya ratiba.

Somo lenyewe ni nini?

Wazazi wengi wanadhani kuandika programu ni siri ya watu wenye akili za ajabu. Si hivyo. Programu ni maagizo yaliyopangwa, moja baada ya lingine, kwa mtumishi ambaye ana haraka sana na hana akili hata kidogo. Anafanya ulichosema. Hafanyi ulichotaka kusema.

Tuchukue mfano ambao makanisa yetu mengi yanaujua. Kanisa la mtaa limenunua paneli ya jua na betri ya volti 12, ampea-saa 100. Volti mara ampea-saa ni wati-saa 1200. Lakini betri ya kawaida ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Tukitaka iishi, tunatumia nusu tu, yaani 600. Sasa kamati inauliza: vifaa tulivyo navyo, betri hii inavitosha?

Taa 4 za wati 5, kwa masaa 5, zinakula 100. Kompyuta ndogo 2 za wati 45, kwa masaa 3, zinakula 270. Telefone 10 zinazochajiwa, wati 5 kila moja kwa masaa 2, zinakula 100. Amplifikateri ya kwaya, wati 60 kwa masaa mawili na nusu, inakula 150. Jumla ni 620. Haitoshi. Kamati ipunguze kitu, au inunue betri kubwa zaidi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiweza kuigeuza hesabu hiyo kuwa programu, amekwisha kushika karibu msingi wote wa somo. Anahitaji sanduku lenye jina ambamo anaweka namba, na kulibadilisha: hilo ndilo sanduku la jumla, linaloanza na sifuri. Anahitaji kurudia: kwa kila kifaa katika orodha, zidisha idadi kwa wati na kwa masaa, ongeza kwenye jumla. Anahitaji sharti: kama jumla inazidi 600, sema haitoshi; kama haizidi, sema inatosha. Na mwisho anahitaji kuipa kazi hiyo yote jina, ili kesho aitumie kwa betri ya zahanati bila kuiandika upya. Sanduku, kurudia, sharti, na kazi yenye jina. Programu za benki na za ndege zina mengine mengi juu yake, lakini zimesimama juu ya mawe hayo manne.

Angalieni kwamba tumeeleza yote bila neno la Kiingereza na bila neno la Kifaransa. Jambo hili si dogo. Kijana wetu anazungumza Kiswahili nyumbani, pengine pamoja na Kinande au Mashi. Amesoma kwa Kifaransa. Sasa anakutana na lugha za kompyuta ambazo maneno yao yametoka kwa Kiingereza. Mashini ikikataa kazi yake, inamweleza sababu kwa Kiingereza pia. Anabeba mizigo mitatu kabla ya kuanza kufikiri. Mwalimu anayetumia dakika kumi za kwanza kueleza kwa Kiswahili hapotezi wakati wake. Anaondoa mzigo mmoja.

Nusu saa iliyopotea

Sasa tuone kwa nini ubao hautoshi. Shuleni tumefundishwa, kwa desturi ya Kifaransa, kuandika mbili na nusu kwa mkato: 2,5. Lugha za kompyuta zinataka nukta: 2.5. Mwanafunzi anaandika masaa ya amplifikateri kama alivyozoea. Ubaoni hakuna anayeona kosa, maana macho yetu sote yamezoea mkato.

Ndani ya mashini, mambo ni mengine. Katika lugha ya Python, mashini inadhani umeipa namba mbili, 2 na 5, zikiwa pamoja kama jozi. Ikifika mahali pa kuongeza jozi hiyo kwenye jumla, inakataa na kusimama. Hiyo ni neema, kwa sababu kosa limejitangaza. Lakini katika lugha ya C, ambayo mainjinia wengi wa umeme wanaanza nayo, ukiliwekea sanduku la masaa namba 2,5, mashini inachukua 2, inaiacha 5, na kuendelea na kazi yake. Amplifikateri inahesabiwa 120 badala ya 150. Jumla inakuwa 590. Mashini inaandika kwa ujasiri kabisa: inatosha.

Kamati inafurahi. Vifaa vyote vinawashwa. Betri inazidishiwa mzigo kila siku ya Mungu na kila usiku wa maombi, na siku inakufa mapema kuliko ilivyotazamiwa watu wanasema muuzaji alitudanganya.

Tena si hilo tu. Mwanafunzi akigundua shida ya mkato, anaweza kusema: basi nitaandika 5/2, tano gawanya kwa mbili. Katika C atapata 2 tena, kwa sababu lugha hiyo ikigawanya namba nzima kwa namba nzima inatupa mabaki. Katika Python ya leo, 5/2 ni 2.5. Hesabu ni moja, lugha ni mbili, majibu ni mawili.

Mambo haya yanaweza kuandikwa katika silabusi, na mengi yameandikwa. Lakini mwanafunzi anayeyasoma anayasahau baada ya mtihani. Yule ambaye programu yake ilisema inatosha, akahesabu kwa mkono akapata 620, akakesha akitafuta zile wati-saa 30 zilipokwenda, huyo hatasahau maisha yake yote. Tena amejifunza jambo kubwa kuliko mkato na nukta: amejifunza kwamba jibu la mashini linapimwa kwa hesabu ya mkono kabla ya kuaminiwa.

Watu waliokufa kwa sababu ya programu

Mtu anaweza kusema: betri ya kanisa ni jambo dogo. Ndiyo. Lakini makosa ya namna hiyo yamekwisha kuua watu katika inchi zenye vifaa vyote.

Kati ya 1985 na 1987, mashini ya kutibu kansa kwa mionzi, iliyoitwa Therac-25, ilitumika katika hospitali za Marekani na Kanada. Wagonjwa sita wanajulikana kuwa walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa kwa majeraha hayo. Mashini za aina hiyo zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma, ambavyo vilizuia hatari hata kama programu ilikosea. Katika mashini mpya, watengenezaji walivitoa vizuizi hivyo na kuiachia programu ulinzi wote. Katika baadhi ya ajali hizo, mtumiaji mzoefu aliposahihisha haraka alichoandika kwenye kioo, sehemu za programu hazikufuatana vizuri, na mgonjwa akapigwa mionzi isiyokuwa yake. Hospitali zilipouliza, mwanzoni ziliambiwa kwamba mashini haiwezi kufanya kosa kama hilo.

Mfano wa pili hauna kifo, lakini una fundisho lake. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, huko Guyane. Haikumaliza dakika moja hewani kabla ya kulipuka. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini roketi mpya ilikwenda kwa kasi nyingine. Namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, nafasi ambayo haiwezi kubeba zaidi ya 32 767. Mashini ya kuongoza roketi ikapotea, na roketi ikapotea nayo.

Tunaona mambo mawili hapa. Kwanza, programu iliyo sahihi mahali pamoja inaweza kuwa kosa mahali pengine. Anayeinakili lazima aielewe. Pili, hatari kubwa huanza pale watu wanapoamini kwamba mashini haikosei. Hapa kwetu hospitali zinaleta vifaa vipya, makampuni ya umeme yanahesabu kwa kompyuta, na chini ya miguu ya Goma kuna Nyiragongo, iliyotutoa nyumbani Januari 2002 na tena Mei 2021, ambayo mitetemo yake inafuatwa kwa vyombo na kompyuta. Kijana anayenakili leo mbele ya ubao ndiye atakayeulizwa kesho: hesabu hii, umeihakikisha?

Silabusi mpya ndani ya telefone

Tangu mwisho wa 2022, ilipotoka ChatGPT, kumeingia jambo jipya. Mwanafunzi anachukua swali la mwalimu, anaiandikia akili bandia, na kwa dakika moja anapata programu nzima, safi, yenye maelezo. Wako wanaosema kwamba sasa hakuna haja ya kujifunza. Wako pia walimu wanaotaka kuipiga marufuku kabisa.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinapita kando ya shida. Kijana aliyezoea kunakili silabusi bila kuielewa hakubadilika alipoanza kunakili kutoka kwa telefone. Tabia ni ile ile, imepata chombo chenye kasi zaidi. Kwa hiyo marufuku peke yake haitaponya kitu, maana ugonjwa ulikuwepo kabla ya telefone.

Lakini kusema kwamba mtu hana haja ya kujifunza ni kosa kubwa zaidi. Akili bandia inaandika vizuri, na wakati mwingine inakosea kwa maneno mazuri yale yale. Atakayeona kosa hilo ni mtu aliyekwisha kukosolewa mara nyingi na mashini, mtu anayeweza kuangalia mstari na kusema: hapa mabaki yanatupwa. Asiyepita njia hiyo hawezi kuhukumu kazi aliyopewa. Atapokea 590 na kusema amina.

Kuna dawa isiyo na gharama kubwa. Mwalimu akipokea kazi ya nyumbani, amwite mwanafunzi kwa dakika tano. Amwonyeshe mstari mmoja na kuuliza: huu unafanya nini? Abadilishe namba moja na kuuliza: sasa jibu litakuwa nini? Aliyeandika mwenyewe atajibu, na aliyenakili akaelewa atajibu pia, naye apewe haki yake. Aliyenakili tu atatazama chini. Tunajua kwamba dakika tano mara wanafunzi mia moja ni zaidi ya masaa nane. Basi waitwe kwa kura, kumi kila juma, na hakuna atakayejua kama zamu yake itafika.

Karatasi si adui

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba karatasi haifai. Katika miaka ya 1960, wanafunzi wengi wa vyuo vya Marekani na Ulaya nao waliandika programu zao kwanza kwa kalamu. Waliandika kwa lugha kama Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, kisha wakazitoboa kwenye kadi za karatasi ngumu, wakapeleka bunda la kadi kwenye chumba cha mashini, na kungoja masaa, pengine mpaka kesho yake. Kosa moja la herufi lilimaanisha kungoja tena. Kwa hiyo walijifunza kuisoma programu yao mstari kwa mstari, wakiandika pembeni kila sanduku lina namba gani baada ya kila hatua, kabla ya kuipeleka.

Desturi hiyo inatufaa sana sisi wa delestaji. Mwanafunzi anayefanya hivyo usiku kwa taa ya telefone, akifika kwenye kompyuta kesho yake ana nusu saa tu, ile nusu saa inatosha. Tofauti ni moja. Karatasi yao ilifika kwenye mashini na kurudi na jibu. Ya kwetu inafika kwenye kabati la mitihani na kulala huko.

Kwa hiyo tusingoje chumba cha kompyuta hamsini ndipo tuanze. Kompyuta tano zinazowaka kwa masaa manne ya uhakika, wanafunzi wakiingia watatu watatu na karatasi zao tayari, zinafundisha kuliko hamsini zilizozimika. Ziko kompyuta ndogo sana, kama Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa 2012, zinazotumia umeme kidogo kuliko taa za zamani. Na kwa wasio na kompyuta, ziko programu za bure zinazofanya Python ikae ndani ya telefone ya Android na kufanya kazi bila intaneti. Kuandika kwenye kioo kidogo kunachosha macho na vidole, hilo ni kweli. Lakini mistari ishirini ya hesabu ya betri inaingia humo, na telefone itaikataa kama ina kosa, sawasawa na kompyuta kubwa.

Kazi ya makanisa, kazi ya wazazi

Makanisa yetu si wageni katika elimu. Shule nyingi za msingi na za sekondari katika Kivu ziko mikononi mwetu. Hata chuo kikuu cha ULPGL, kilichozaliwa Goma mwaka 1985 kwa kazi ya makanisa ya Kiprotestanti, kina kitivo cha sayansi na teknolojia kinachotayarisha mainjinia. Basi si haki tuseme kwamba jambo hili ni la Serikali peke yake.

Tulicho nacho ni zaidi ya tunavyodhani. Parokia nyingi zina ukumbi unaokaa bure kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Nyingi zina paneli ya jua na betri, zilizonunuliwa kwa ajili ya vyombo vya kwaya. Zina mlango unaofungwa kwa ufunguo na mlinzi anayejulikana. Ukumbi huo ukifunguliwa masaa mawili mchana, mara mbili kwa juma, chini ya kijana mmoja wa mwaka wa tatu anayejua kazi, umekuwa chumba cha mazoezi. Na kamati ianze kwa kumpa kijana huyo kazi ya kweli: apige hesabu ya betri ya kanisa, kwa mkono na kwa programu, aone kama majibu yanafanana.

Tunasema mchana kwa makusudi. Katika miji yetu ya leo, mazoezi ya jioni ni mazoezi ya wavulana. Msichana anarudi nyumbani kabla ya giza, na wazazi wake wana sababu. Chuo kinachopanga mazoezi ya kompyuta saa kumi na mbili jioni kimewafungia wasichana mlango bila kuandika sheria yoyote. Ukumbi ulio karibu na nyumbani, saa nane mchana, unaufungua mlango huo.

Na wazazi? Baba na mama ambao hawajawahi kugusa kompyuta wanaweza kuuliza maswali matatu, na majibu yake hayahitaji elimu kubwa. La kwanza: mwanangu, programu uliyoandika juma hili, imeingia ndani ya mashini gani? La pili: ilikataa mara ngapi, na kosa lilikuwa nini? La tatu: nieleze kwa lugha ya nyumbani inafanya nini. Anayesema haikukataa hata mara moja, aidha hajaiandika yeye, aidha haijaingia mahali popote. Wote wanaoandika programu, hata waliozeeka katika kazi hiyo, hukataliwa kila siku.

Tena mzazi asikasirike akisikia kwamba mtoto alikosea mara kumi na tano. Shuleni tumewazoeza watoto kuficha kosa, kwa sababu kosa linaondoa pointi. Katika kazi hii, kosa lililoonekana mapema ni faida, na lililofichwa ndilo linalomfikia mgonjwa kitandani. Kijana anayeweza kusema mbele ya watu, nilikosea hapa na nimesahihisha hivi, huyo ameanza kuwa injinia.

Vita hatujui itaisha lini, wala mabenki na uwanja wa ndege si mali yetu tuvifungue. Ukumbi wa kanisa ni wetu, na ufunguo tunao. Kijana wa mwaka wa tatu yumo ndani ya kwaya. Juma hili, baada ya ibada, kamati imwite na kumwonyesha betri.